Magnesiamu Inayohama Ndani ya Jani

Mwaka 1905 mwanakemia Mjerumani Richard Willstätter alihamia Zürich, Uswisi, akaanza kazi ambayo wengi kabla yake walikuwa wameijaribu na kuiacha: kujua klorofili, yaani rangi ya kijani ya majani, imeundwa na nini hasa. Jina la rangi hiyo lilikuwa limekwishatimiza karibu miaka tisini, kwani lilibuniwa na wafamasia wawili wa Paris, Pelletier na Caventou. Lakini jina ni jina tu. Wapo waliosema kila jamii ya mimea ina klorofili yake. Wapo walioamini kwamba ndani yake mna chuma, kama kilivyomo katika damu. Na magnesiamu ilipoonekana katika majivu yake, ilikuwa rahisi kuidhania kuwa takataka iliyoponyoka wakati wa kusafisha.

Willstätter alikuwa mtu wa subira. Alitumia kwa wingi majani makavu ya mmea wa Ulaya unaowasha ngozi, kwa sababu ulipatikana bila shida, akatenga rangi yake kwa alkoholi na kuepuka kila kitu chenye asidi. Hapo ndipo ilipokuwa siri ya mafanikio yake. Aligundua kwamba asidi kidogo tu huing'oa magnesiamu kutoka katika klorofili na kuiacha rangi ikiwa ya kahawia yenye ukijani wa zeituni. Kwa hiyo waliomtangulia walikuwa wakiipoteza wenyewe bila kujua. Alipolinganisha mimea zaidi ya 200, alikuta klorofili ni ileile na magnesiamu imo daima, kiasi cha asilimia 2.7 ya uzito. Mwaka 1915 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Ugunduzi huo ulikuwa mkubwa, na kwa maoni yangu ukubwa wake ndio uliochelewesha swali lililofuata. Mtu akishajua kwamba magnesiamu imekaa katikati ya kila molekuli ya klorofili, haoni sababu ya kuitafuta mahali pengine. Mwaka 1923 watafiti wa Marekani walipoeleza ugonjwa wa tumbaku uliotokea katika ardhi ya kichanga baada ya mvua nyingi, ambapo majani ya chini hugeuka manjano kati ya mishipa, maelezo yalionekana yamekamilika: mvua imeifua magnesiamu kutoka katika udongo, mmea umeinyang'anya kutoka majani yake ya zamani ili kuyapa machanga, na bila magnesiamu hakuna kijani. Maelezo hayo ni sahihi. Lakini hayatoshi, na hesabu yenyewe inaonyesha. Katika jani lenye afya, magnesiamu iliyofungwa ndani ya klorofili kwa kawaida ni kati ya asilimia 15 na 35 tu ya magnesiamu yote ya jani. Sehemu kubwa zaidi iko nje ya rangi, na vitabu vyetu vya shule mpaka leo huipita kimya.

Ili kuelewa sehemu hiyo inafanya nini, lazima kwanza tuingie ndani ya kloroplasti, kiwanda kidogo ambamo usanisinuru hufanyika. Kloroplasti imezungukwa na tando mbili za nje. Ndani yake mna majimaji mazito yanayoitwa stroma, na ndani ya majimaji hayo mna mfumo mwingine wa tando, thailakoidi, ambazo mahali pengi zimelaliana kama chapati zilizopangwa kwenye sahani. Marundo hayo huitwa grana. Klorofili imo katika tando za thailakoidi, na hapo ndipo nuru hunaswa; lakini hewa ukaa hubadilishwa kuwa sukari huko nje, ndani ya stroma. Kazi mbili, vyumba viwili. Swali la jinsi chumba kimoja kinavyokijulisha kingine kwamba jua limechomoza halikuwa limeulizwa bado.

Lisingeweza kuulizwa kabla ya watu kujifunza kuitoa kloroplasti nje ya jani ikiwa ingali inafanya kazi. Hatua hiyo ilianza Cambridge mwishoni mwa miaka ya 1930, Robin Hill alipoonyesha kwamba kloroplasti zilizotengwa na jani, zikipewa kitu cha kupokea elektroni, hutoa oksijeni zinapomulikwa. Mwaka 1954 Daniel Arnon na wenzake, Berkeley, California, walionyesha kwamba kloroplasti za spinachi zinaweza kutengeneza ATP, sarafu ya nishati ya viumbe vyote, kwa nguvu ya nuru peke yake. Miaka miwili baadaye ikajulikana kwamba kimeng'enya kinachoishika hewa ukaa, ambacho sasa tunakiita rubisko, hakifanyi kazi bila magnesiamu. Kwa hiyo kila maabara iliweka chumvi ya magnesiamu katika myeyusho wa majaribio. Iliwekwa kwa sababu bila hiyo mambo hayaendi, na wachache walijiuliza ndani ya kloroplasti hai magnesiamu iko kiasi gani, na wapi.

Vifaa vya kuuliza swali hilo vilikuwa vikikusanyika polepole. Mwaka 1949 Arnon alikuwa ameeleza njia nyepesi ya kupima klorofili: unaiyeyusha katika asetoni, unapitisha nuru, na kutokana na nuru iliyomezwa unajua kiasi chake. Mwaka 1955 Alan Walsh wa Australia akaeleza njia ya kupima metali kwa kupuliza sampuli ndani ya mwali wa moto na kutazama ni kiasi gani cha nuru ya rangi mahususi kinamezwa na atomu zake. Kwa magnesiamu, njia ya Walsh ilikuwa na wepesi ambao wanakemia wa zamani, waliopima kwa mizani na majivu, wasingeuamini.

Ukiziunganisha njia hizo mbili, unaweza kupata magnesiamu iliyoshikamana na utando. Unasaga majani katika myeyusho baridi, unachuja, unazungusha kwa kasi mpaka kloroplasti zitulie chini, kisha unazipasua kwa maji na kuziosha tando zake. Mwali wa moto unakupa magnesiamu yote. Asetoni inakupa klorofili. Na kwa kuwa kila molekuli ya klorofili ina atomu moja ya magnesiamu, miligramu moja ya klorofili inabeba takriban mikrogramu 27 za magnesiamu. Unatoa hizo. Kinachobaki ndicho kilichoushikilia utando kutoka nje.

Kwa maneno ni rahisi. Tatizo ni kuosha. Ukiosha kidogo, unahesabu na magnesiamu ya stroma iliyochuruzika. Ukiosha sana, hasa kwa EDTA, kemikali inayozikamata ioni zenye chaji mbili, unaibandua hata ile uliyokuja kuitafuta. Tena, potasiamu au sodiamu iliyomo katika maji ya kuoshea huweza kuchukua nafasi ya magnesiamu juu ya utando, kwa hiyo kipimo chenyewe hukihamisha kinachopimwa. Historia yote inayofuata inaweza kusomwa kama mfululizo wa hila za kukwepa tatizo hili moja.

Msukumo wa kwanza ulitoka upande ambao haukutarajiwa. Mwaka 1961 Mwingereza Peter Mitchell alipendekeza kwamba ATP hutengenezwa kwa sababu utando husukuma protoni upande mmoja, nazo zikirudi zinafanya kazi. Wengi walilipinga wazo hilo. Lakini mwaka 1963 André Jagendorf na Geoffrey Hind walionyesha kwamba thailakoidi zikimulikwa huvuta protoni kutoka katika maji yanayozizunguka, na mwaka 1966 Jagendorf na Ernest Uribe wakatengeneza ATP gizani kwa kuziloweka tando katika asidi na kisha kuzihamishia ghafla katika myeyusho usio na asidi. Nadharia ya Mitchell ikaanza kushika mizizi, na ikaleta deni lake. Protoni zina chaji chanya. Zikiingia kwa wingi ndani ya thailakoidi, lazima ama chaji chanya nyingine zitoke au chaji hasi ziingie. La sivyo umeme utajaa na kuzizuia. Ni nini basi kinachotoka?

Jibu la kwanza lilikwisha kuchapishwa mwaka 1965. Richard Dilley na Leo Vernon walikuwa wakichunguza kwa nini kloroplasti za spinachi husinyaa zinapomulikwa, wakaona kwamba protoni zinapoingia, potasiamu na magnesiamu hutoka. Potasiamu ni nyingi sana katika seli za mimea, kwa hiyo kutoka kwake hakukumshangaza mtu. Magnesiamu ndiyo iliyokuwa jambo jipya.

Mwaka 1966 Seikichi Izawa na Norman Good, wakiwa Michigan, waliona jambo la aina nyingine kabisa. Walipoziweka tando katika myeyusho wenye chumvi chache mno na kuzitazama kwa hadubini ya elektroni, grana zilikuwa zimetoweka: marundo yamefunguka, tando zinaelea mojamoja. Walipoongeza chumvi, tando zikashikana upya. Chumvi ya magnesiamu ilitosha kwa milimoli chache tu kwa lita, ilhali ya sodiamu au potasiamu ilihitajika kwa wingi zaidi mara nyingi. Hivyo magnesiamu haikuwa abiria tu anayepisha protoni. Ilikuwa pia inalishika umbo la kloroplasti.

Kisha, mwaka 1969, ikaonekana kwamba umbo hilo lina matokeo katika kazi. Nuru ambayo klorofili imeimeza bila kuitumia hurudishwa kwa sehemu kama mng'ao mwekundu hafifu, na mng'ao huo unaweza kupimwa bila kuigusa sampuli. Peter Homann huko Florida na Norio Murata huko Japani, kila mmoja kivyake, walikuta kwamba kuongeza magnesiamu kwenye kloroplasti zilizopasuliwa huukuza mng'ao. Murata alizigandisha kwa naitrojeni ya kimiminika ili atofautishe mng'ao wa mifumo-nuru miwili inayofanya kazi kwa kupokezana. Aliona kwamba magnesiamu inapokuwepo, mfumo wa pili hupata nishati zaidi; inapoondolewa, nishati humwagikia mfumo wa kwanza. Milimoli chache za chumvi zilikuwa zinaamua nuru iende wapi.

Hapo maelezo mawili yakaanza kushindana. Ya kwanza yalisema magnesiamu hujifunga mahali maalumu juu ya protini za utando. Elizabeth Gross na wenzake, Ohio, walilifuata wazo hili kwa uangalifu mkubwa. Walipima hasa kalsiamu, ambayo ina chaji mbili kama magnesiamu na huleta athari zilezile, wakalinganisha kiasi kilichoshikamana na utando na mabadiliko ya mng'ao na ya umbo. Viwili hivyo vilikwenda pamoja. Walipoviziba kwa kemikali vikundi vya kaboksili, yaani ncha za protini zenye chaji hasi, ushikamano ulipungua na athari zikabadilika nao. Ilionekana kana kwamba kiti cha ioni kimepatikana.

Maelezo ya pili yalitoka kwa James Barber na wenzake wa Imperial College, London. Wao walisema hakuna haja ya kiti maalumu. Uso wa utando una chaji hasi, na ioni chanya hukusanyika mbele yake kama wingu jembamba bila kujifunga popote. Wingu likiwa zito, chaji hasi za tando mbili hufunikwa, tando hazisukumani tena, zinakaribiana. Ioni yenye chaji mbili hufanya kazi hiyo kwa ufanisi zaidi sana kuliko yenye chaji moja, na yenye chaji tatu zaidi ya hiyo; kinachohesabika ni idadi ya chaji, na aina ya metali ina uzito mdogo. Nadharia hii ilieleza pia fumbo moja lililowasumbua wengi: kwa nini potasiamu kidogo hufungua grana huku potasiamu nyingi huzifunga. Ikiwa kidogo, inaifukuza magnesiamu kutoka katika wingu bila kuweza kuijaza nafasi yake. Ikiwa nyingi, inalijaza wingu kwa wingi wake. Mwaka 1978 kundi hilo liliziweka tando katika uwanja wa umeme na kutazama mwendo wake, wakathibitisha kwamba zina chaji hasi, na kwamba chaji hiyo hupotea tu pale pH inaposhuka hadi karibu 4, kama inavyotarajiwa kwa vikundi vya kaboksili.

Ukiyapima maelezo haya mawili, ya Barber yanaeleza mambo mengi zaidi kwa dhana chache zaidi, nami naona ndiyo yaliyoshinda katika suala la grana. Hata hivyo kazi ya Gross haikupotea, kwani ndiyo iliyoonyesha chaji zile hasi zinatoka wapi. Na onyo moja linabaki kwa kila msomaji wa takwimu za miaka ile: kipimo kinachoitwa "magnesiamu iliyofungwa" hujumlisha ile iliyoshikwa kwa nguvu na ile inayoelea karibu na uso, kwa kuwa kuosha hakuwezi kuzitenga vizuri.

Wakati mjadala huo ukiendelea, swali la protoni lilirudi. Mwaka 1974 Hind, Nakatani na Izawa walitumia elektrodi zinazotambua ioni moja moja, wakafuatilia kwa wakati mmoja mambo yote yanayoingia na kutoka katika thailakoidi zilizomulikwa. Protoni ziliingia, kloraidi iliingia nazo, magnesiamu ilitoka. Mkosoaji angeweza kusema kwamba tando zilizopasuliwa hutoa kile tu mtafiti alichokitia katika maji yao, na angekuwa na haki. Barber na wenzake walilikabili jambo hilo mwaka uleule kwa kutumia kloroplasti nzima, ambazo hazijapasuka, pamoja na dawa zinazobeba ioni za aina fulani kuvuka utando. Dawa ya potasiamu haikuleta badiliko kubwa. Dawa iitwayo A23187, inayobeba ioni zenye chaji mbili, ilileta. Katika kloroplasti kamili, wakahitimisha, magnesiamu ndiyo hasa inayobadilishana nafasi na protoni.

Sasa fikiria maana yake. Nuru inapowaka, protoni huingia thailakoidi na magnesiamu hutoka kwenda stroma. Stroma inapoteza asidi na kupata magnesiamu kwa pamoja, na stroma ndiko aliko rubisko, ambaye hupenda hali hizo mbili. Mwaka 1973 Hans Heldt na wenzake huko München walikuwa wamepima pH ya stroma na kukuta inapanda kutoka karibu 7 gizani hadi karibu 8 nuruni. Mwaka 1976 Archie Portis na Heldt wakaonyesha kwamba magnesiamu ya stroma huongezeka kwa milimoli 1 hadi 3 kwa lita kloroplasti zinapomulikwa, na kwamba A23187 ikiiruhusu ivuje nje, kazi ya kushika hewa ukaa husimama mpaka magnesiamu irudishwe. Mwaka huohuo George Lorimer, Murray Badger na John Andrews walieleza jinsi rubisko anavyoamshwa: molekuli ya hewa ukaa hujishika kwanza katika kimeng'enya, polepole, kisha ioni ya magnesiamu hulifunga jambo hilo upesi. Mwaka 1977 Krause, huko Düsseldorf, alitumia rangi inayobadilika inapokutana na magnesiamu, akaiona ikihama ndani ya kloroplasti nzima bila kuipasua.

Kwa muda mfupi ilidhaniwa kwamba ishara ya jua imepatikana, nayo ni magnesiamu. Ilikuwa ni haraka mno. Kuhusu mgawanyo wa nuru kati ya mifumo miwili, John Bennett alikuwa ameonyesha mwaka 1977 kwamba protini zinazonasa nuru hupachikwa fosfeti, na kufikia mwaka 1981 ilikubalika kwamba fosfeti hizo ndizo zinazozihamisha protini kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Magnesiamu haikuondolewa katika hadithi, kwani fosfeti huongeza chaji hasi palepale ambapo wingu la ioni linazishikanisha tando. Lakini usukani haukuwa mikononi mwake. Kuhusu rubisko, mwaka 1985 Michael Salvucci, Portis na William Ogren walieleza kimeng'enya kingine chenye kazi ya kumwamsha rubisko, bila ambacho mmea unasinzia hata magnesiamu ikiwa tele. Portis ni yuleyule aliyekuwa ameipima magnesiamu kule München. Si kila mtafiti anayepata nafasi ya kulipunguza makali hitimisho lake mwenyewe, na wachache wanaoitumia.

Kinyume chake pia kilichunguzwa. Ikiwa magnesiamu kidogo ni hasara, je, nyingi ni faida? Mwaka 1987 Rao, Sharp na Boyer waliotesha alizeti kwa viwango tofauti vya magnesiamu na kuzinyima maji. Zile zenye magnesiamu nyingi katika majani ndizo zilizopoteza usanisinuru mapema zaidi. Seli inaposinyaa kwa ukame, kilichomo ndani yake hukolea, na magnesiamu iliyokuwa inasaidia hufikia kiwango cha kudhuru.

Vipimo viliendelea kunoleka. Mwaka 2003 watafiti wa Japani waliingiza ndani ya kloroplasti za spinachi rangi inayong'aa iitwayo mag-fura-2, wakasoma magnesiamu huru ya stroma ikipanda kutoka milimoli 0.5 kwa lita gizani hadi takriban 2 nuruni. Karibu miaka thelathini ilikuwa imepita tangu Portis na Heldt, na namba hizo zilianguka ndani ya makadirio yao.

Lililokuwa limebaki nyuma ni chanzo. Magnesiamu ya thailakoidi inatosha kuhama mara moja asubuhi, lakini kloroplasti hukua, na ioni haivuki tando za nje bila mlango. Milango hiyo ilitambuliwa mmoja mmoja baada ya jeni za mimea kusomwa. Mwaka 2020 kundi la watafiti wa Japani na China lilieleza mlango mmoja wa mpunga, OsMGT3. Walikuta kwamba magnesiamu ya kloroplasti hupanda na kushuka kila siku kwa kufuata mchana na usiku, na kwamba jeni ya mlango huo nayo hufuata mwendo huohuo. Walipoiharibu jeni hiyo, kupanda huko kulipungua, kazi ya rubisko ikashuka na usanisinuru nao. Walipoizidisha katika seli za kijani za jani, usanisinuru uliongezeka na mpunga ukakua zaidi.

Jani moja, kwa hiyo, lina mienendo miwili ya magnesiamu: mmoja wa dakika, kutoka thailakoidi kwenda stroma nuru inapowaka, na mwingine wa saa nyingi, kutoka seli kwenda kloroplasti na kurudi. Vipimo vya miaka ya 1970, vilivyofanywa kwa kloroplasti zilizokwisha kutolewa katika jani, viliweza kuuona ule wa kwanza tu.